Viti Vipya Baba Havikalii

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na najua ukilisikia jambo lenyewe utacheka, lakini limeninyima raha wiki ya tatu sasa na sielewi nimekosea wapi.

Ninaishi na baba yangu, mwalimu wa michezo mstaafu, mtu aliyekimbia na wanafunzi wake mpaka mwaka wa mwisho kazini, na kila jioni nikirudi kutoka kliniki ya meno, ninakofanya kazi ya mapokezi, nilikuwa namkuta bustanini kwenye kiti chake cha mbao, gazeti mkononi, ananiambia, "Haya, lete habari," nami nakaa kwenye kiti cha pili tunaongea mpaka mbu watufukuze. Sasa viti hivyo vilikuwa vimeota ukungu kwa mvua, basi Jumamosi moja nikakunja mikono ya nguo, nikavimwagia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikavisugua kwa brashi ya waya, vikang'aa kweli, lakini vilipokauka mbao ikawa imesimama nyuzinyuzi na vibanzi vinachoma mapaja, nikaona nimeviua, nikavifungia stoo, nikaenda kununua vingine, vya chuma, vyeusi, vya kujilaza nyuma kama vya hotelini, vizuri mpaka jirani akaja kuuliza nimevitoa wapi.

Baba akavizunguka, akasema, "Vizuri sana, mwanangu, asante," na tangu siku hiyo hajavikalia hata mara moja. Gazeti analisoma amesimama, kaegemea ukuta. Nikimwambia, "Baba, si ukae?" ananijibu, "Nimekaa sana ndani, acha ninyooshe miguu." Nimeweka mito, nimevihamishia kivulini, wapi. Juzi nikiwa dirishani jikoni nikamwona anakishika kimoja, anatazama kulia na kushoto kama mwizi, halafu anaondoka. Kaka yangu anasema mzee amenuna kwa kuwa nimeondoa viti alivyonunua na marehemu mama, niombe radhi yaishe, nami niko tayari, ila baba si mtu wa kununa. Hivi viti vina nini?

Binti wa Mwalimu

*

Binti wa Mwalimu,

Sikucheka. Nilikupigia simu kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka kujua kitu kimoja tu: kutoka chini mpaka pa kukalia, kiti kina urefu gani? Ulishangaa, lakini ulikwenda kupima nami nikisikiliza. Kile cha mbao kinafika gotini kwako, tena kina mikono mipana ya kushika. Hiki cha chuma kiko chini ya goti kwa kiganja kizima, na mikono hakina. Ndipo nikamsikia baba yako akiuliza, "Unapima nini huko?" Ukamweleza. Akasema taratibu, "Kukaa naweza. Kuinuka ndiyo kazi."

Basi hakununa. Aliona haya. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kuruka hataki binti yake amkute anahangaika kutoka kwenye kiti. Lakini na wewe, unaishi na mzee nyumba moja halafu unamchagulia kiti kwa macho? Kiti huchaguliwa kwa kukaa na kuinuka, na anayekwenda dukani kukijaribu ni yule atakayekikalia.

Viti vya mbao hujaviua. Vitoe stoo, vioshe kwa maji na sabuni laini, kwa brashi ya nailoni, ukifuata mistari ya mbao. Suuza sana, maana ile dawa kali bado imo. Vikae kivulini siku mbili vikauke, kisha uvipige msasa laini, ufute vumbi, uvipake mafuta ya mbao mara mbili. Dawa ya nguo ibaki kwenye nguo. Vya chuma vikalieni wewe na kaka yako, na mvua ikinyesha vifuteni mpaka kwenye maungio, kutu huanzia pale.

Magoti ya mzee yakaonwe na daktari. Siku achague yeye, lakini iwe mwezi huu.

Radhi anayosema kaka yako iache, mzee hakuidai. Utakapoanza kupiga msasa, usimwambie mzee apumzike. Mpe kiti kimoja naye akipige. Yanayomsumbua ni magoti, mikono haina neno.