Mama Okidi na malkia wa Kirajput

Nakhisa uko? Weka pasi chini unisikilize. Leo nimeaibika!

Si Okidi alinipeleka kwa mama yake, yule afande wa polisi hapa Nsambya, anione mara ya kwanza? Tumekula vizuri, halafu mama akatupeleka kibanda cha video. Kumbe wanaonyesha ile filamu ya malkia wa Kirajput iliyozua maandamano India.

Basi mume wa malkia ameuawa vitani, adui yuko mlangoni, malkia anaongoza wanawake wote waingie motoni wafe kuliko kutekwa. Mimi nalia tu. Mjinga mimi nikasema kwa sauti, "Hayo ndiyo mapenzi!"

Mama AKASIMAMA. Na sare yake!

"Simamisha! Mapenzi gani? Wanawake wote hao, hakuna hata mmoja wa kushika panga?"

VJ anayetafsiri kwa maikrofoni akaogopa. Akasema, "Sawa afande, malkia amebadilisha mawazo. Wanaenda kuota moto kidogo tu."

Kibanda kizima kicheko! Mimi sikucheka, Nakhisa. Mama alikuwa ananiangalia MIMI.

"Wewe. Mtoto wangu akifa, utaingia motoni?"

Okidi ananitazama, anangoja.

Nikasema, "Hapana mama. Nitalia sana, halafu Jumatatu nitafungua duka langu."

Aki ya Mungu, mama alinikumbatia mbele ya watu wote! Akamwambia Okidi, "Huyu usimwache."

Okidi amenuna mpaka sasa. Ananiuliza kwani nisingengoja hata Jumanne.