Alivyosoma Chiriku

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko kiwandani, wewe na wenzako mnaoshona sare za watoto wa watu. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwamba jioni ukiinuka kwenye cherehani unatembea kama mtu aliyemeza mwiko. Natumaini ile dawa ya kuchua imekufaa. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anapiga randa kutwa na kukohoa vumbi la mbao, na ukimwambia afunge kitambaa puani anasema fundi hafichi uso. Mwanao, Chiriku wetu, hajambo wa mwili. Amerefuka mpaka lile gauni ulilomshonea limegeuka blauzi.

Nimesema hajambo wa mwili. Najua utakuwa umelinasa neno hilo, maana wewe barua huisomi, unaipekua. Nivumilie kidogo. Nitafika.

Unakumbuka nilivyokueleza habari ya chumba cha vitabu. Watoto walikuwa wanafika darasa la tano hawajui kusoma hata tangazo la mlangoni, nami nikamwomba mwalimu mkuu anipe ile stoo ya madawati mabovu. Shemeji yako akatutengenezea rafu kwa vipande vya mbao alivyobakiza. Tukakusanya vitabu, vingine havina jalada, vingine vimeliwa na panya pembeni, lakini maneno yake mazima. Kila asubuhi mstarini mtoto mmoja anasoma ukurasa, mwingine anaendeleza maneno kwa sauti, herufi moja moja. Basi shule ilichangamka, dada. Watoto wakitoka wanashindana njiani nani anaweza kuendeleza “ng’ombe” bila kusahau kale kaalama kake. Siku moja niliwakuta wawili wanataka kupigana, mmoja anamwambia mwenzake, “Wewe hata jina la baba yako huwezi kuliendeleza!” Nilicheka mpaka nikasahau kuwaamua.

Nikaanza kuitwa Mwalimu Vitabu. Sitakuficha, jina hilo lilinikaa kama kanga mpya.

Na taji la kazi yote hiyo lilikuwa Chiriku. Yeye yuko darasa la tatu, mimi nafundisha la sita, lakini nilipotaka msomaji wa mstarini nilimchagua yeye. Anasimama wima, kitabu mbele ya kifua, sauti kama kengele, penye mkato anapumua, penye nukta anatulia. Wazazi wanaopita nje ya ua walikuwa wanasimama kumsikiliza. Wakiniuliza ni mtoto wa nani, nilikuwa nawajibu, “Wangu.” Sikuwa nasema wa dada yangu. Nisamehe na hilo, ingawa ndilo dogo kuliko yote.

Mwalimu wa darasa la tatu ni binti mdogo, ndiyo kwanza ametoka chuoni, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Siku moja aliingia ofisini kwetu, akafunga mlango, akaniambia kwa adabu kwamba anavyoona yeye Chiriku hasomi. Kwenye imla anaacha mistari mitupu, au anaandika herufi zisizofuatana. Wenzake wakisoma kwa pamoja, yeye anatazama midomo yao. Nilimcheka, dada. Nikamuuliza inakuwaje mtoto anayesoma mbele ya shule nzima akiingia kwake anageuka bubu. Labda tatizo si mwanafunzi. Akasema, “Sawa, mwalimu,” akatoka. Hakurudi tena kunifungia mlango aniambie jambo.

Halafu ikafika Siku ya Kusoma, ile niliyokuwa nakusimulia kwenye simu kama watu wanavyosimulia harusi. Turubai lilifungwa, viti vikaazimwa kwa majirani, wazazi wakaja mpaka wengine wakasimama. Mgeni rasmi alikuwa ofisa wa elimu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning’inia kwenye kamba shingoni, mcheshi, asiye na makuu. Alikuja na boksi la vitabu vipya vya zawadi.

Chiriku akasoma hadithi ya kuku aliyeogopa mvua. Alisoma vizuri kuliko siku zote. Makofi yalipigwa mpaka turubai likatikisika. Yule mama akafurahi kupita kiasi. Akainama kwenye boksi, akatoa kitabu kingine, kipya, bado kinanuka wino, jalada lina picha ya watoto wawili na baiskeli. Akampa, akamwambia, “Tusomee na hiki, kipenzi. Ukurasa wa kwanza tu.”

Chiriku akakifungua. Akanitazama. Mimi nikatazama miguu yangu.

Akaanza: “Hapo zamani palikuwa na kuku aliyeogopa mvua…”

Watu wakacheka. Walidhani ni mzaha wa mtoto mjanja. Naye akapaza sauti, maana nilikuwa nimemfundisha kwamba watu wakipiga kelele usinyamaze, panda juu yao. Akaendelea na kuku wake mbele ya ile picha ya baiskeli, akafunua ukurasa palepale alipozoea kuufunua kwenye kitabu cha kuku. Kicheko kikaanza kufa, mstari kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, na kimya kile, dada, heri kicheko. Yule mama akavua miwani yake. Chiriku akafika mwisho, akainamisha kichwa kama alivyozoea, akasubiri makofi. Mtu mmoja tu alipiga, huko nyuma kabisa. Shemeji yako.

Njiani kurudi nyumbani aliniuliza, “Mama mdogo, nimekosea wapi? Mbona nimeyasema yote?” Nilimshika mkono nikakaza mwendo kama tunaokimbia mvua.

Tangu siku ile yule unayemwita Chiriku kwa kupayuka kwake akawa haongei. Watoto shuleni wakambatiza jina la Kuku. Akipita, kundi zima linatetea kama kuku anayetaka kutaga. Alikuwa anarudi nyumbani anakaa nyuma ya karakana ya shemeji yako, kwenye maranda, anayachambua mpaka aitwe kula.

Mwalimu mkuu aliitisha kikao cha walimu. Akauliza imekuwaje shule ikaaibika mbele ya mgeni. Macho yote yakamgeukia yule binti wa darasa la tatu. Mwalimu mkuu akamuuliza kama kweli hamjui mwanafunzi wake mwenyewe. Yule binti akainua macho akanitazama mimi, kisha akayashusha, akasema angepaswa kuwa karibu zaidi na mtoto. Basi. Nami nilikuwa nimekaa palepale, nakoroga chai ambayo hata sukari sikuwa nimetia. Na wewe uliponipigia simu kuuliza siku imekwendaje, nikakwambia mtoto aliona haya mbele za watu.

Dada, hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Nilikuwa najua. Sikugundua siku ile pamoja na watu wengine. Nilijua kabla, na kadi za mwaliko zilikuwa zimeshatoka. Ilikuwa jioni, tumekaa sebuleni, Chiriku anatusomea, umeme ukakatika ghafla. Nikawa napapasa kutafuta kiberiti. Sauti yake haikukatika. Aliendelea kusoma gizani, mkato kwa mkato, na nikasikia kurasa zikifunuliwa. Shemeji yako akaangua kicheko, akasema huyu mtoto ana macho ya paka. Nami nikacheka, lakini kiberiti nilikuwa nimeshaacha kukitafuta. Kesho yake nilimwita peke yake, nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja. Akalitazama kama mtu anavyotazama nyumba asiyokuwa na ufunguo wake. Akabahatisha, “Kuku.” Neno lilikuwa “mlango”.

Ningeweza kusimama hapo. Ningemwendea yule binti wa darasa la tatu nikamwambia ulisema kweli, nisaidie. Badala yake niliwaza watu walioalikwa, nikawaza Mwalimu Vitabu ataweka wapi uso. Nikamfundisha Chiriku kupitisha kidole chini ya mistari ili aonekane anaifuata. Nikamwekea alama mahali pa kufunua ukurasa. Mtoto ana akili kiasi cha kushika kitabu kizima kwa kusikia mara mbili, nami akili hiyo nikaitumia kufunika uongo wangu.

Na Jumapili ile ulipopiga ukaomba umsikie mwanao akisoma, nilimpa simu. Alisoma. Nilikusikia ukilia, kisha nikakusikia ukiwaita wenzako waache cherehani waje wasikilize. Nilikuwa nimesimama pembeni, najua kila kitu. Ulinipa mtoto nimfundishe kusoma, mimi nikamfundisha kudanganya, naye hakujua kwamba anadanganya. Alidhani kusoma ndiko huko.

Sina cha kujitetea. Nakueleza tu nilichofanya baadaye, si ili unihurumie. Kilichonitoa mafichoni ni kumsikia Chiriku nyuma ya karakana akitetea kwa sauti ndogo, mwenyewe kwa mwenyewe, kama kuku. Nilimwomba mwalimu mkuu aite tena kikao, nikasema yote, pamoja na ule mlango aliofunga yule binti na nilivyomjibu. Nilitaraji binti huyo alie au anitukane. Aliniambia, “Ahsante kwa kusema,” halafu akauliza mtoto anazijua herufi zipi. Nikaona haya upya, kwa sababu nilikuwa sijui.

Ufunguo wa chumba cha vitabu sasa anao yeye. Kila alasiri anakaa na Chiriku na wengine, maana kumbe hakuwa peke yake. Mimi nakata maboksi na kuandika silabi. Nikimtangulia mtoto kwa jibu, yule binti ananitazama tu nami nanyamaza. Shemeji yako amechonga irabu zote kwa mbao, na ile “e” imekaa upande, lakini amekataa kuichonga tena.

Vilevile nilisimama mstarini nikawaambia wanafunzi kwamba Chiriku alifanya alichofundishwa na mimi, kwa hiyo mwenye hamu ya kutetea amtetee Mwalimu Vitabu. Watoto ni watoto. Nimepita kwenye korido nikitetewa karibu wiki nzima. Nimestahili.

Mwanzoni Chiriku aligoma hata kufungua mdomo. Ila juzi nilikuwa napika, akasimama mbele ya rafu akiwa ameshika pakiti, midomo inacheza. “Chu… mvi.” Akarudia, kwa hasira, kama mtu anayeng’ang’ania mlango uliokwama. Kisha akaniuliza kwa nini “m” na “v” zimekaa pamoja bila kupeana nafasi ya kupumua. Hilo ndilo neno lake la kwanza, dada. Kuna siku anaenda mbele, kuna siku “b” na “d” zinamgeukia tena. Sikuahidi kitu. Ukiamua kuja kumchukua, mtoto ni wako na sitatia neno. Nakuomba tu hasira zako zote uniletee mimi. Yeye ndiye aliyetaka nikuandikie. Alisema, “Mama ajue ile ya kwenye simu haikuwa kusoma.”

Wasalimie wenzako wa kiwandani, hasa wale uliowaita waje kusikiliza. Kama kuwaambia ni kuzito, niachie, nitakuja niwaambie mwenyewe. Shemeji yako anakuamkia na anasema ujikande mgongo. Nami nasubiri neno lako, liwe tamu au chungu.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea.

Nafasi hii ya chini Chiriku amejitengea mwenyewe. Nimemwachia kalamu nikaenda jikoni. Sikusahihisha kitu.

mama. hii naadika mimi si mama mdogo. maneno megi bado sijuwi. nakupeda