Sote Kumi na Wawili Tulisema Hatuna Wachanga

Dada Nadra mpendwa, salamu kutoka hapa Mbugangari, naomba unisaidie mawazo maana nimechoka, na tafadhali jina langu usiliandike gazetini.

Unajua mwenyewe mtaa wetu ulivyokuwa. Tangu biashara ya pale mpakani Petite Barrière, tunapovukia kwenda Goma, ilegee, wabeba mizigo walirudi kwao kulima, maduka ya vitambaa yakafunga, na sisi mafundi cherehani tukawa tunakaa barazani tunatazamana, wiki nzima shati moja la kutia kiraka. Basi miezi minne iliyopita ikaja kampuni kutoka Kigali, ikachukua lile ghala la zamani lililojaa popo, ikalipaka rangi, ikaleta mashine za umeme, wanashona mashuka ya hoteli na sare za shule, na sasa mama wa chapati amerudi kwenye kona yake, vyumba vya kupanga vimepata watu, yaani ukipita unasikia mtaa unapumua.

Siku ya usaili, meneja, anaitwa Karenzi, kijana mpole aliyekulia Nyundo, alituuliza tukiwa wote kumi na wawili kwenye benchi moja: "Nani ana mtoto anayenyonya?" Dada, rafiki yangu Cansilde akafungua njia: "Bon, mi sina. Batoto yangu yote iko ku masomo." Na mchanga wake wa wiki sita alikuwa ameshikwa na jirani nje ya ukuta! Wa pili naye akasema sina, wa tatu sina, ikafika kwangu nikasema sina, huku maziwa yananilowanisha blauzi chini ya kitenge. Sote tukapata kazi.

Baadaye nikafanywa msimamizi. Wiki iliyopita Karenzi akanionyesha mchoro wa jengo, akasema: "Mama, hapa tulipanga chumba cha watoto, chenye vitanda na mtu wa kuwaangalia. Lakini nyinyi hamna wachanga, donc tunakifanya stoo ya vitambaa. Nitilie sahihi." Nikatia, Dada. Niliogopa hata kumtazama usoni.

Watoto wetu wanashinda kwa Robinah, alikuwa akivusha nyanya kwenda Goma, sasa anawalea tisa katika chumba kimoja, watatu waliobaki wako kwa bibi zao, na simlaumu, ana mikono miwili tu. Binti yangu ana miezi minane, chupa anaitema, na mhudumu wa afya wa mtaa alipompima alisema miezi miwili hajaongezeka uzito. Nikamwambia Cansilde twende tukaseme ukweli. Akanirukia:

"Yebaba we! Unataka kutuuza? Batafunga, batahamia Musanze, tutarudi barazani. Kwani ni mutoto wako tu analia?"

"Na wako analia."

"Analia, lakini anakula."

Jumatatu mafundi wanaanza kazi ya stoo. Nikisema, nimewauza wenzangu na pengine nimeufunga mtaa mzima, nikinyamaza, binti yangu anaendelea kukonda. Nifanye nini?

Msimamizi, Mbugangari

*

Mdogo wangu,

Kwanza pole. Kukaa kwenye mashine ukijua mtoto analia mtaa wa pili, hilo sihitaji kuelezwa, wangu nimewanyonyesha watatu.

Sasa nikugombeze. Mtu alikuwa anauliza ili ajue anunue vitanda vingapi, nanyi mkamdanganya kumi na wawili kwa sauti moja! Najua sababu. Mwenye kazi akikuuliza habari za mtoto, kwa kawaida anatafuta sababu ya kukunyima kazi. Na Karenzi naye amekosea: huwezi kumuuliza mtu swali kama hilo mbele ya wenzake, kazi umeishika mkononi, na usiseme unauliza kwa nini.

Lakini sikiliza. Rangi na mashine haziamshi mtaa zenyewe. Kampuni inayokuja kuuinua mtaa ulioanguka inahitaji kuambiwa ni nani anaishi humo, na hii yenu imeambiwa uongo. Mkianza kukosa kazini mmoja mmoja, huyu mtoto ana homa, yule kalazwa, watasema watu wa hapa hawajui kazi, na hapo ndipo watahamia Musanze kweli. Cansilde anaogopa ukweli utafunga kiwanda. Mimi naogopa zaidi huo ukimya wenu.

Kesho nenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya akueleze haki ya mama anayenyonyesha. Sheria inampa muda wake kila siku. Kisha mwambie Cansilde usoni kwamba unakwenda, na kwamba utamtaja mtoto wako peke yake. Kwa Karenzi usizunguke: "Nilikudanganya, nina mtoto wa miezi minane, naomba niifute sahihi yangu." Mwombe awaulize wengine upya, mmoja mmoja, mlango umefungwa, aseme na sababu. Na kama anatafuta mlezi, watoto wamekwisha kumzoea Robinah.

Anaweza kukufukuza? Anaweza, sitakudanganya. Ila cherehani utaipata tena, na uzito wa mtoto wa miezi minane haungoji.

Jumatatu, kabla mafundi hawajafungua zana, usimpeleke binti yako kwa Robinah. Mfunge mgongoni uingie naye ofisini. Akianza kulia katikati ya maneno yako, kaa kwenye kiti cha Karenzi, mnyonyeshe mpaka ashibe, halafu uendelee ulipoishia.

Nadra