Kengele ya Nyuma

Mwanangu kipenzi,

Gari ulilotutumia limetufaa. Milango yake ya kuteleza haigongi ukuta wa uani, na ukilaza viti vya nyuma hata godoro linaingia. Shangazi yako analalamika kwamba kiti kinambana, lakini huyo hata sofa humbana.

Baba yako anajisifu kwa miaka thelathini ya udereva. Akirudi nyuma hageuzi shingo wala hatazami kioo, anasikiliza tu ile kengele inayolia gari likikaribia kitu. Nilidhani ni uvivu, mpaka juzi nilipomfungulia mlango akaniambia, “Hujambo, jirani.” Ameniapisha nisikwambie habari za macho yake.

Tangu Jumatatu kengele hailii. Nilipomwambia imeharibika, alicheka.

“Haijaharibika, mke wangu. Nimelizoea gari, sikaribii kitu tena.”

Ufunguo analala nao mfukoni. Njoo umwambie wewe, mimi hanisikii.

Watoto wako ulioniachia ni wazima, wanakusalimu sana.

Ni mimi, mama yako.

Ngoja. Nasikia injini inawaka, na watoto wako uani wanachora kwa chaki, nyuma ya gari.