Gogo la Baba Mkwe

Mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Pito hatujambo, ulezi umekubali, na babu yako bado anagombana na jogoo.

Unauliza gogo lina tofauti gani na kuni au mbao. Tulipohamia kijiji cha ujamaa nilikuwa mke mpya. Nilikuta gogo nyuma ya nyumba, nikalipasua lote kuwa kuni ili nimfurahishe mama mkwe. Jioni baba mkwe akaja na wapasuaji mbao na msumeno wao. Gogo lile alilitunza litoe mbao za mlango.

Alizitazama kuni, akasema, "Basi, mwanangu, tupikie mlango."

Gogo halijawa kitu bado. Muulize kwanza mwenyewe anataka liwe nini. Msimu mzima tulitundika mkeka mlangoni, na mgeni akiuliza mlango uko wapi, baba mkwe alimwonyesha jikoni.

Bibi yako, mpika mlango