Namba Saba Kwenye Jokofu

Nyumba Na. 14, Ghorofa ya Pili
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa shemeji,

Niwie radhi kwa kimya cha miezi mitano. Mkeo alipopiga simu, mara mbili, nilimjibu kwamba sote hatujambo. Jibu la pili halikuwa la kweli, nami nilijua. Natumaini wewe na mkeo na wale pacha mnaendelea vizuri, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili haujambo. Nakula, nalala.

Dada yako amelazwa, leo ni siku ya kumi na mbili. Ana kidonda chini ya mguu wa kushoto ambacho kimekataa kupona kwa sababu ya sukari. Madaktari wanasema mguu ukatwe chini ya goti. Wamempa karatasi ya kutia saini, naye hajaitia. Amepewa mpaka Alhamisi.

Una haki ya kujua kutoka kwangu kilichotufikisha hapa.

Lile jokofu ulilotununulia lilifika salama. Nililiweka mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, nikaliacha lisimame siku nzima kabla ya kuliwasha. Muuguzi alikuwa ametuagiza kwamba dawa ya sukari ya dada yako, ile ya kuchoma, ikae katika baridi ya digrii mbili hadi nane. Ndani ya jokofu kuna swichi ya kuzungusha yenye namba moja hadi saba. Nikaizungusha mpaka saba, nikaridhika, kwa kuwa saba imo kati ya mbili na nane. Nikabandika karatasi: "Swichi hii isiguswe." Chupa za dawa nikazipanga nyuma kabisa, chini ya friza, mbali na mlango unaofunguliwa ovyo.

Mke wa mwanangu ndiye aliyeona kwanza. "Baba, nyanya zimekuwa mawe! Hili friji linatugandishia kila kitu." Nikamwambia kugandisha ndiyo kazi yake. "Kazi ya friza, Baba. Si ya friji." Kesho yake nikaikuta swichi iko kwenye tatu. Nilimkaripia mbele ya mumewe, nikairudisha kwenye saba. Hakuigusa tena.

Dada yako naye, asubuhi nyingine, aliikuta dawa ngumu. Aliishika kiganjani mpaka ikayeyuka, kisha akajichoma. Hatukujua kwamba dawa hiyo ikiganda mara moja tu huwa imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Sukari ilipopanda, kliniki waliongeza kipimo. Ikapanda tena, wakaongeza tena. Nilimwuliza kama anakula vitu vitamu kwa siri. Nilimwuliza zaidi ya mara moja.

Siku mbili baada ya kulazwa kwake, mayai yaliganda yakapasuka ndani ya jokofu. Nikamwita fundi, nikiwa na hakika kwamba chombo ni kibovu. Alisoma karatasi yangu akacheka. "Mzee, friji lako ni zima kuliko mimi. Nani kaweka saba? Hizi si digrii, hizi ni nguvu. Hapa ndipo mwisho wa baridi, unaweza kulaza maiti!" Kisha akaziona chupa za dawa, ambazo nilikuwa nimezitoa ili apate nafasi ya kufanya kazi. Akaacha kucheka.

Sikulia, shemeji. Nililizima jokofu, nikafungua milango yote miwili, nikaweka bakuli la maji ya moto ndani ya friza, nikangoja barafu ianguke yenyewe. Haichokolewi kwa kisu. Nikaosha mpira wa mlango kwa maji ya sabuni, nikaukausha. Tangu hapo nafanya hivyo kila baada ya siku mbili, ingawa barafu haijafikia unene wa kucha. Mke wa mwanangu nimemwomba radhi. Alisema, "Yamepita, Baba," akaendelea kuosha vyombo.

Dada yako nilimwambia Jumatano, wakati wa kuwaona wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo, Mwalimu, nyanya zimekupigia kelele miezi yote hiyo, nawe ukaziambia zinyamaze?" Mama wa kitanda cha pili akaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka wala kulia. Kisha dada yako akaniuliza: akikubali kukatwa, nitamwogesha kwa mikono yangu, au nitambandikia karatasi nyingine ya maelekezo? Nikasema nitamwogesha. Akasema, "Haya. Niache nifikiri."

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningesema tena kwamba hajambo. Ndiyo maana barua hii namkabidhi jirani anayesafiri kesho kuja huko. Jokofu halina kosa, nawe uliyelinunua huna kosa. Kosa ni langu. Ukizungumza na dada yako, usimsihi anisamehe. Mwulize tu anaonaje kuhusu mguu wake, umsikilize.

Nisalimie mkeo, pacha, na yule shangazi yenu Chapuchapu. Mwanangu na mkewe wanakusalimu. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Dada yako akishaamua, akiitia saini au akiikataa, nitakuandikia siku hiyohiyo, na nitaandika kama ilivyo.

Shemeji yako akupendaye,
Mwalimu