Ruhusa ya Kumzika Baba

Shinyanga Mjini,
Juni 9, 1974

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepata nafuu. Mama naye shikamoo yake, mwambieni michembe yake ya viazi tumeila yote mpaka unga wa chini ya mfuko. Sisi hapa hatuumwi. Generosa ana mimba ya miezi saba sasa, na watoto wanakuulizia kila siku. Wewe Melania, mdogo wangu, unayemsomea Baba, tafadhali isome mkiwa wawili tu.

Baba, nimefukuzwa kazi. Leo ni wiki ya tano. Miaka kumi na mmoja nimelisha mashine pamba pale kiwandani, nimemeza vumbi lake, na kengele ya asubuhi haijawahi kunikuta nje ya geti.

Kisa ni siku ile uliyokuja kunitembelea. Usishtuke, hukukosa lolote. Ulifika getini na jogoo, ukasema umekuja kumwona mwanao Bujiku, wakakupeleka kwa Ofisa Utumishi, naye akakupa kiti na chai. Ulirudi Samuye ukimsifu, na jogoo ukamwachia yeye. Kumbe ulipotoka tu aliitisha faili langu, akakuta kwamba mwaka juzi nilipewa siku saba za kumzika baba.

Ulikuwa msiba wa Baba Mkubwa Ngassa. Fomu ya ruhusa ina baba, mama, mke na mtoto, basi. Karani aliniambia ndugu wengine hawana siku. Sasa ningefanyaje? Mtu aliyenilea tangu nina miaka minne, akaniandikisha shule kwa jina lake, akatoa ng'ombe wa mahari yangu! Niliandika baba. Huko kwetu nani angesema nimekosea? Lakini barua ya kunifukuza inasema nilimzika mtu aliye hai ili nikalime shamba langu.

Thobias, mwenyekiti wa Kamati ya Wafanyakazi, alinisaidia tukapeleka malalamiko kwenye Baraza la Usuluhishi. Nilitaka kueleza kama nilivyoeleza hapa. Thobias akanikataza. Alisema wale mabwana hawana muda wa kusikiliza habari za ukoo wetu, wao wanatazama karatasi, na karatasi zangu zote zinasema Bujiku Ngassa. Niseme tu kwamba Ngassa ndiye aliyenizaa, na mzee wa jogoo ni baba mdogo. Aliniuliza kama nataka kazi au nataka kueleza.

Jumanne nilisimama mbele ya Baraza, nikaulizwa yule mzee ni nani wangu. Baba, nilisema wewe si baba yangu. Tena nikaongeza mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, kwamba wazee wa vijijini hujifanya baba wa kila kijana mwenye mshahara. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Tangu siku hiyo naona aibu hata kuwatazama wanangu.

Wala haikunisaidia. Ofisa Utumishi alisema kama ni hivyo, mzee aje aseme mwenyewe, na Baraza likakubali. Unatakiwa ufike Alhamisi, tarehe 20, saa tatu asubuhi. Thobias anasema ukitamka tu kwamba mimi ni mwanao, kazi ndiyo basi tena, na nitashtakiwa kwa kulidanganya Baraza. Siwezi kukuomba unikane mbele ya watu. Nikimtazama Generosa na tumbo lake, siwezi pia kukuomba usinikane. Nimeshika kalamu hii tangu asubuhi, sijui nikuombe nini.

Nitakungoja stendi. Hapo tutaamkiana kama kawaida, lakini tukikaribia mlango wa Baraza, nisamehe, nitatangulia mbele peke yangu.

Wasalimie wote wa nyumbani na majirani wanaoniulizia. Melania, ukimaliza kusoma ichome barua hii jikoni, isibaki hata kipande, maana hapa chini nimeandika jina la Baba.

Mimi mwanao wa kumzaa,

Bujiku Nkwabi